Ungo wa Pili na Nguruwe wa Mama Anjela

Simu iliingia saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, siku ya Jumatatu. Nina uhakika na dakika kwa sababu nimezoea kuandika saa ya kila simu ya mfugaji kabla sijaipokea, tabia ambayo wanangu wanaicheka mpaka leo.

"Shikamoo, Mama Mifugo," alisema Mama Anjela, mfugaji wa kijiji kimoja cha kata ya Ruhembe.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo kabisa. Nguruwe wangu wa tatu amekufa sasa hivi, na Mtendaji wa kijiji amesimama hapa na dumu la petroli."

Walikuwa nguruwe kumi na tisa, sasa wamebaki kumi na sita. Kama ugonjwa ulikuwa homa ya nguruwe, utaratibu ni mmoja: wote wanauawa, wanachomwa, wanafukiwa, na mabanda ya majirani yanafuata. Homa hiyo haina tiba. Mama Anjela na mumewe, ambaye hukata miwa msimu kwa msimu, hawakuwa na mradi mwingine wowote. Kilichokuwa kinasubiriwa ni sahihi yangu.

"Mwambie asiwashe kitu, nakuja," nilisema.

"Anasema uje na fomu."

"Mwambie fomu zipo. Yeye akae mbali na kiberiti."

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na vijana wa ofisi mmeniomba niandike yatakayowasaidia. Vyeo nilivyopanda ni viwili na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu, kwa hiyo navipita. Nitaandika kuhusu nguruwe hao kumi na tisa. Lakini lazima kwanza nirudi nilikojifunzia kuwatazama nguruwe, maana bila hapo hamtaelewa ni kwa nini nilichelewa kuliona jambo lililokuwa mbele ya pua yangu.

Niliajiriwa Kidete kama mhudumu wa josho, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya mpira vya kaka yangu, namba mbili zaidi ya mguu wangu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, kwa hiyo treni nilizijua vizuri. Ng'ombe sikuwajua, na nguruwe nilikuwa nimekutana nao kwenye sahani tu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Madole, msaidizi wa mifugo aliyebakiza miaka minne astaafu. Alivitazama viatu, kisha akanitazama mimi.

"Binti, unajua kuchoma sindano?"

"Hapana, mzee."

"Kukamata ndama?"

"Hapana."

"Sasa unajua nini?"

"Kusoma."

"Basi soma haya," akasema, na kwa fimbo yake akanionyesha rundo la mavi ya nguruwe.

Hakuwa anatania. Kila banda tuliloingia alinizuia kumtazama mnyama usoni. "Anzia nyuma," alikuwa akisema. "Mbele kasimama mwenye mnyama, na ataanza kukueleza. Ukimsikiliza yeye kwanza, utatibu maneno yake." Alikuwa na kijiko kirefu cha mbao alichokichonga mwenyewe, na kwa kijiko hicho aligeuza, akapima uzito kwa mkono, akanusa, akanieleza kipi kimemeng'enywa na kipi kimepita kama kilivyoingia. Siku mbili za kwanza nilitapika. Siku ya tatu nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika.

Kipimo nilichokitumia miaka yote kilizaliwa wiki ile. Moja ni magumu kama ya mbuzi. Mbili ni ugali uliolala. Tatu ni ugali uliotoka jikoni sasa hivi, na hiyo ndiyo afya. Nne ni uji. Tano ni chai. Mzee Madole alipokisoma alikiri kwamba ni kizuri, akaongeza kwamba kwangu hatakula kamwe.

Darasani sikurudi kwa muda mrefu, na nilipokwenda hatimaye kuchukua cheti nilikuwa na watoto wawili. Kabla ya hapo nilijifunza kwa kitabu kimoja cha ufugaji kilichokosa jalada na kurasa kumi na nne za mwanzo, pamoja na kamusi. Hadi leo sijui kitabu kile kinaanzaje. Vifaa vyangu vilikuwa vinne: kipimajoto, futi ya fundi cherehani ya kupimia kifua cha mnyama ili kukadiria uzito, kijiko nilichorithi kwa Mzee Madole, na kaunta buku. Vyote vinaingia kwenye ndoo moja. Mkipewa vifaa vingine mvipokee kwa shukrani, lakini msiiache ndoo.

Kuna jambo moja ambalo mzee hakunifundisha kwa kuwa hata yeye hakulijua. Ndani ya utumbo wa nguruwe wanaishi bakteria wengi kuliko unavyoweza kuwahesabu, wa aina nyingi, na kila unachomwaga kwenye hori wao wanakipata pia. Nilikuwa nasoma mavi kwa miaka ishirini na kitu bila kujua kwamba nusu ya habari iliyomo inawahusu wao.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Mikumi. Miaka mitatu ya kwanza wananchi waliniita Bwana Mifugo, kwa kuwa hilo ndilo jina la kazi, na sikuona sababu ya kubishana. Mtoto mmoja alipouliza hadharani kwa nini Bwana Mifugo amevaa kitenge, nikawa Mama Mifugo.

Vijiji vya kule vinapakana na hifadhi, na tembo wanaijua siku ya mavuno vizuri kuliko sisi wa ofisini. Mkulima anayeacha mahindi yakauke shambani anawakaushia tembo. Kwa hiyo watu wanavuna mapema, mahindi yakiwa bado na maji, na kuyalundika chumbani karibu na kitanda. Baada ya wiki mbili yanapata joto, kisha ukungu: wa kijani, mweusi, na ule wa rangi ya waridi ambao kwa mbali unapendeza. Ukungu huo ndio unaotengeneza sumukuvu. Hauonekani kwenye unga, hauondoki kwa kupika, na mwenye kula hajui.

Elimu ya sumukuvu ilipotufikia nilipangiwa vijiji vitano. Somo lilikuwa rahisi na lilikuwa sahihi: punje iliyobadilika rangi, iliyopasuka au iliyotobolewa itolewe kabla ya kusaga. Nilibeba nyungo mbili kwenye pikipiki. Ungo wa kwanza, chakula cha watu. Ungo wa pili, mabovu. Kijijini kwa kina Mama Anjela mama mmoja aliinua mkono akauliza, "Na haya ya ungo wa pili tuyapeleke wapi?"

Nilikuwa naangalia saa, maana pikipiki ya ofisi ilitakiwa kabla ya saa kumi. Nikajibu, "Hayo si ya mtu kula. Wapeni mifugo."

Nimeyapima maneno hayo baadaye. Kuyasema kunachukua sekunde nne.

Tulimaliza kwa mashindano ya kuchambua, na Mama Anjela akashinda kwa mbali. Ungo wake wa kwanza ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto. Nilimpa zawadi ya beseni la bluu, tukapiga picha, nikawahisha pikipiki.

Miezi miwili baadaye nguruwe wake wakaanza kuharisha. Nilianzia nyuma, kama nilivyofundishwa, nikaandika: nne, nne, tano, nne. Niliwachoma antibiotiki siku tatu mfululizo. Mavi yakakaza kidogo, nikaandika "nafuu" na kupiga mstari chini yake. Baada ya siku tisa wakarudia. Nikachoma tena. Mara ya tatu nikabadilisha dawa, nikaongeza dozi ya minyoo kwa usalama, na wanyama wakazidi kukonda, manyoya yamesimama, mgongo umejikunja. Wawili wakafa, mmoja baada ya mwingine, na maneno yakasambaa mpaka Mikumi mjini. Wachomaji wa kitimoto wa pale barabarani wakaacha kununua nguruwe yeyote wa kijiji kile. Hapo ndipo ilipoingia simu ya Jumatatu.

Nilifika saa mbili na robo. Mtendaji, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amekaa juu ya dumu.

"Shikamoo, Mama. Umekuja na fomu?"

"Marahaba. Nimekuja na kipimajoto."

"Mama, kijiji kizima kinajua ni homa."

"Kijiji kizima hakijapima."

Niliwapima wote kumi na sita, dakika mbili kila mmoja, mahali ambapo nguruwe hupimiwa, na kila mmoja alitoa maoni yake kwa sauti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa. Masikio hayakuwa mekundu, ngozi ya tumbo haikuwa na madoa. Tena homa ya nguruwe inaua banda zima kwa siku chache. Hawa walikuwa wanafifia kwa wiki kadhaa, kama taa inayoishiwa mafuta. Hata hivyo macho yangu peke yake hayatoshi kuhatarisha nguruwe wa kata nzima. Nilitoa damu, nikaifunga kwenye chombo chenye barafu, tayari kwa basi la kwanza kwenda maabara ya Morogoro.

"Nipe hadi Ijumaa saa sita mchana," nilimwambia Mtendaji. "Hakuna nguruwe anayetoka wala kuingia. Hakuna nyama inayouzwa. Anayetoka banda hili anaosha viatu kwa maji ya dawa. Damu ikisema ni homa, nitasaini palepale."

"Na wakianza kufa wa watu wengine kabla ya Ijumaa?"

"Utakuwa na jina langu."

Akatoa kalamu akaliandika jina langu, majina yote matatu, kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na mimi siwezi kumcheka mtu wa karatasi.

Mama Anjela alikuwa kasimama mlangoni mwa banda akisikiliza. "Kwa hiyo hadi Ijumaa ni wazima," alisema.

"Hadi Ijumaa ni wako."

Kama si homa, basi ni nini? Nilitoka nikazunguka mabanda ya majirani, nikianza na la Baba Kulwa, hatua sitini kutoka pale. Baba Kulwa alikuwa anajulikana kijijini kwa uvivu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuukana. Shamba lake lilikuwa la mwisho kulimwa na la kwanza kuachwa. Nguruwe wake sita walikuwa wanang'aa. Nyuma: tatu, tatu, tatu.

"Baba Kulwa, hawa unawapa nini?"

"Ninachokula mimi."

"Mahindi yako unachambua?"

"Mama Mifugo, mimi nikichambua, nitabaki na nini? Siku ya semina yako nilikuwa nimelala." Alijigeuza kwenye kigoda chake ili kivuli kimfuate. "Kwangu gunia ni moja. Kibaya kidogo nakula mimi, kibaya kidogo anakula yeye. Tunagawana. Nyinyi mlioshinda mabeseni ndio mnaozika."

Mke wake alicheka kutoka jikoni. "Mwambie na habari ya madebe!"

"Madebe gani?"

"Si yale ya mahindi mabovu," alisema Baba Kulwa. "Tangu semina kila nyumba inachambua, na kila nyumba inampelekea Mama Anjela ungo wake wa pili, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguruwe wengi. Mimi hakuna aliyeniletea hata kikombe. Wanasema nitaacha yaoze."

Nilirudi kwa Mama Anjela nikaomba kuona ghala. Alinifungulia bila wasiwasi, kwa sababu lilikuwa ghala safi, limefagiwa, magunia yamepangwa juu ya mbao kama nilivyofundisha. Yalikuwa magunia tisa. Nilifungua la kwanza, harufu ikanirudisha mlangoni. Kijani, nyeusi, waridi. Nyumba arobaini na kitu zilikuwa zimechambua kwa makini, kila punje mbaya ya kijiji ikatolewa kwenye sahani za watu, na zote zikaja kukusanyika katika hori moja. Kadiri wanakijiji walivyonitii, ndivyo hori lile lilivyozidi kuwa kali. Baba Kulwa alinusurika kwa kutonisikiliza.

"Nani alikuambia uwape haya?" niliuliza, nikilijua jibu.

Mama Anjela alilifunga lile gunia. "Ni wewe. Ulisema si ya mtu kula, wapeni mifugo. Nikawapa." Akafunga mlango wa ghala. "Tena ukanipa na zawadi."

"Nimekosea, mwanangu."

"Umekosea, mama. Sasa hawa waliobaki wanapona au hawaponi?"

Sikulijua jibu, nikamwambia hivyo. Nilichota mahindi kutoka kila gunia nikayaunganisha na damu kwenye basi la Morogoro, kisha nikampigia Daktari Zuhura, daktari wa mifugo aliyekuwa Kilosa mjini. Tulikubaliana jambo la kwanza kwa simu: magunia yale yasiguswe tena. Siku ile nguruwe walikula majani ya viazi na mabaki ya jikoni tu.

Daktari Zuhura alifika Jumanne. Usiku wa kuamkia siku hiyo nguruwe wa nne alikuwa amekufa, kwa hiyo alikuwa na cha kuangalia. Ni Mwislamu wa swala tano, nguruwe hamgusi bila glavu mbili kila mkono, na sijaona mtu anayeufahamu utumbo wa nguruwe kuliko yeye. Ini lilikuwa la rangi ya manjano na lilikatika kama sabuni. Utumbo aliuinua juu ya kisu, mwanga ukapita.

"Unaona? Umekuwa mwembamba. Sumukuvu inakwangua ukuta huu wa ndani. Sasa niambie, ulimtibu nini?"

Nilimsomea kaunta buku: sindano, tarehe, dozi, jina la dawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, umeandika vizuri sana namna ulivyoharibu."

"Nifafanulie."

"Soko la Mikumi unalijua. Kila kibanda kina mwenyewe. Bakteria wazuri wana vibanda vyao humu ndani, wanatengeneza asidi, wanamsaidia nguruwe kula, na kwa kuwa wamejaa, wahuni hawana pa kukaa. Sumu ikawafukuza baadhi. Vibanda havikai wazi, wakaingia wahuni. Nguruwe akaharisha. Ukaja wewe na sindano, ukalifunga soko lote. Wahuni wakakimbia siku tatu, ukaandika nafuu. Soko lilipofunguliwa, nani aliwahi kurudi?"

"Wahuni."

"Na ukalifunga mara tatu."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema. Kisha kwa siku tatu nilisoma kwenye simu kila nilichokipata, kwa kamusi, kuhusu sumukuvu na bakteria wa utumbo wa nguruwe. Majina ya bakteria ni marefu kuliko bakteria wenyewe. Nilichokielewa ni hiki: sumu hizi haziui tu kwa kuharibu ini. Hata kwa kiasi kidogo zinaweza kubadilisha nani anaishi tumboni, na mnyama mwenye tumbo lililobadilika hushindwa kunenepa, hushikwa na kila ugonjwa unaopita, na mtaalamu huyafukuza magonjwa hayo moja moja bila kuangalia hori. Mtaalamu huyo alikuwa mimi.

Nguruwe wa tano alikufa Alhamisi. Mtendaji alikuja kuangalia, akahesabu, akaondoka, na Mama Anjela akakaa mbele ya banda mchana mzima kana kwamba kuna mtu angewaiba.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini Daktari Zuhura alipiga simu. Nilikuwa nimesimama kati ya Mtendaji na Mama Anjela, na niliweka sauti ya nje ili nisije nikashutumiwa kuongeza chumvi. Damu: hakuna homa ya nguruwe. Mahindi: sumukuvu, tena za aina zaidi ya moja, kwa kiwango kisichofaa kwa mtu wala mnyama.

Mama Anjela alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mtendaji alikunja fomu akaitia mfukoni, akalitazama dumu lake.

"Sasa hii petroli?"

"Ina kazi," nilimwambia. Tulichimba shimo, tukamwaga magunia yote tisa, na akawasha mwenyewe kwa furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu wa karatasi.

Walibaki nguruwe kumi na wanne. Sindano tulisimamisha. Chakula kilikuwa pumba ya mahindi mazima, mashudu ya alizeti na majani. Lakini soko la ndani lilikuwa bado limeshikwa na wahuni, na Daktari Zuhura akasema vyakula vilivyochachuka vinawaleta bakteria watengenezao asidi. Nilimuuliza Mama Anjela kama anajua kutengeneza togwa.

"Najua. Unakunywa?"

"Ya nguruwe."

Alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Togwa ya ulezi, kwa nguruwe! Mama mkwe wangu akisikia atanirudisha kwetu."

Alitengeneza kwa kimea cha ulezi kilichokauka vizuri, tukakikagua punje kwa punje, tukaiacha togwa ichachuke siku mbili, tukaichanganya na pumba. Nilitaka kuwagawa nguruwe katika vyumba viwili: saba wapate chakula kizuri pamoja na togwa, saba wapate chakula kizuri peke yake.

"Kwa nini hawa wengine wanyimwe?" aliuliza.

"Ili tujue kama togwa inafanya kazi au ni chakula kizuri tu kinachofanya kazi."

"Na hawa wakifa ili wewe ujue?"

Ni swali ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Tulikubaliana kwa wiki mbili tu, na yeyote atakayefika namba tano ahamishwe siku hiyo hiyo. Kila asubuhi tulianzia nyuma, sote wawili, yeye akisema namba na mimi nikiandika. Chumba cha togwa kilifika tatu siku ya sita. Kile kingine kilifika siku ya kumi na moja, na kabla hakijafika mmoja alihamishwa na mwingine, aliyekuwa hoi tangu mwanzo, akafa. Nguruwe kumi na wanne hawathibitishi kitu mbele ya mtu wa sayansi, na msije mkanukuu namba zangu kana kwamba ni sheria. Nilichokithibitisha ni kwamba Mama Anjela anasoma mavi haraka kuliko mimi.

Siku hizi nafundisha hivi: ungo wa pili unakwenda shimoni, unachomwa, unafukiwa. Hauendi kwa nguruwe, wala kuku, wala kwenye kimea cha pombe. Mahindi yaliyovunwa mapema kwa hofu ya tembo yaanikwe juu ya turubai, yasilundikwe chini. Na mnyama akiharisha, fungua gunia kabla hujafungua chupa ya dawa. Baba Kulwa nilimwendea pia, nikamwambia kwamba anachogawana na nguruwe wake ni sumu kidogo kidogo na itamdai baadaye. Alisema nimpe mtu wa kumchambulia. Mke wake ndiye aliyeomba ungo.

Wale kumi na watatu walichelewa kunenepa, lakini walinenepa. Mchomaji wa kwanza kurudi kutoka Mikumi alimzunguka dume mkubwa mara mbili akauliza ni nini kimempa ngozi ile. "Togwa," alisema Mama Anjela, na akapandisha bei. Aliuza kumi na mmoja na kubakiza majike mawili ya mbegu.

Taarifa yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilihusu banda lile. Nilikwenda kwake tukapiga hesabu ya hasara kwenye kibaraza: nguruwe sita, dawa nilizomwandikia bila sababu, chakula cha kununua baada ya kuchoma magunia. Alinisahihisha mara mbili, mara zote akipunguza bei ya wanyama waliokufa, kwa kuwa hakutaka ionekane anatia chumvi. Fomu ina sehemu ya chanzo, na chini yake machaguo: ugonjwa, wizi, wanyamapori, mafuriko, mengineyo. Niliweka alama kwenye mengineyo, nikaandika: "Ushauri wa mtaalamu wa mifugo wa kata," nikaongeza jina langu.

Kijana wa masjala aliisoma mara mbili. "Mama, ukiandika hivi itabaki kwenye faili."

"Ndiyo kazi ya faili."

"Lakini unastaafu Ijumaa. Si ungeandika ugonjwa tu, ukaenda zako?"

"Atakayekuja baada yangu atafungua faili hili akiwa na nyungo mbili kwenye pikipiki. Akikuta nimeandika ugonjwa, atachoma sindano."

Alinirudishia fomu, akaniazima kalamu yake kwa kuwa yangu ilikuwa imekauka. Katika mstari wa mwisho, ule wa jumla ya hasara, nikajaza kwa tarakimu na kwa maneno kama inavyotakiwa: Sh 1,264,000, yaani shilingi milioni moja, laki mbili na elfu sitini na nne.